Tupeane uzoefu: kijito kikipata joto, samaki wanafanyaje?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Kiangazi kilichopita nilitoka saa 11 alfajiri na tochi kufuata mpira wa maji ulioachwa kijitoni. Nikakuta perege wamejaa juu ya maji, midomo nje, wanaifungua na kuifunga kama watu wenye neno lisilotoka. Hakuna aliyekufa. Saa 4 asubuhi nikarudi: wote wameshuka, maji meupe, mawe yanaonekana mpaka chini. Ningekuwa nimelala, ningeapa kijito ni kizima.

Nikafunga kipimajoto kwenye kamba yenye jiwe, nikaanza kupima. Juu penye miti, saa 9 alasiri, nyuzi 24. Hatua kama mia nne chini yake, ambako kingo zimefyekwa, nyuzi 29. Kijito kilekile, siku ileile.

Maji yakipata joto hushika oksijeni kidogo. Kwenye nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 kwa lita; kwenye 30 ni kama 7.5. Na samaki mwili wake unafuata joto la maji, kwa hiyo oksijeni inapungua wakati ndipo anaihitaji zaidi. Ongeza ule mwani unaonenepa kwa jua na samadi inayotiririka kutoka juu: mchana unatoa oksijeni, usiku unaivuta pamoja na samaki. Ndiyo maana kabla ya kupambazuka hali huwa mbaya kuliko saa nyingine yoyote.

Nyie mmeona nini? Semeni hata yale ya aibu.

Nyavu Kuukuu
Mimi nilidhani mvua ndiyo dawa. Kiangazi kirefu, maji yamebaki vidimbwi, tukawa tunaombea mawingu. Mvua ya kwanza ikashuka usiku. Asubuhi maji yalikuja meusi kama chai iliyochemka mno, yamebeba majivu, majani yaliyooza na mavi ya ng'ombe ya miezi yote. Visamaki vidogo vilielea vyote. Kambale tu ndio walibaki, na hao si ajabu, kambale ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Uchafu ukiingia kwa mpigo, vijidudu vinavyouozesha humaliza oksijeni kabla samaki hajajua aende wapi. Mvua ya pili na ya tatu hazikuua kitu.

Mkulima Mtubu
Umesema hata ya aibu, haya. Niliosha bomba la kupulizia dawa kijitoni. Mara moja tu, nilikuwa na haraka. Waliotangulia kufa ni kaa na uduvi: kaa walitoka wakapanda mawe, wengine wamelala chali miguu ikitetemeka. Samaki wakafuata jioni. Baadaye ndipo nikasoma kibandiko vizuri: dawa ya kuua wadudu ya jamii ya pairethroidi, hatari kwa samaki, maandishi madogo. Wazee walivua kwa utupa, ule mmea wa kulewesha samaki, wakijua wanachofanya. Mimi niliua bila hata kula.

Mbishi wa Zamu
Mleta mada, joto unalisingizia. Samaki wa nchi za joto wamezaliwa kwenye joto, nyuzi mbili tatu zitawafanya nini?

Mleta mada
Mkuu, swali zuri, na nililiuliza mimi pia. Kwa sababu joto la kwao halibadiliki sana mwaka mzima, wengi wao wamezoea nafasi nyembamba, na tayari wanaishi karibu na kikomo cha juu. Fikiria mtu mrefu ndani ya chumba chenye dari fupi: ukiongeza tofali moja chini ya miguu yake, kichwa kinagonga. Kwenye kijito chenye kivuli na maji safi, joto peke yake nisingeliogopa hivyo. Ila likikuta tope limeziba matamvua, yale samaki anayopumulia, au samadi imeingia, ndipo linapomaliza kazi. Hata amonia, ile inayotoka kwenye samadi na kinyesi: maji yaleyale yakiongezeka joto, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile yenye sumu.

Bwawa Moja
Naongeza la kwangu, natoa maji kijitoni kuingiza bwawani. Vifaranga vya sato niliowalea wakati wa joto kali walipokua, karibu wote madume. Nikadhani nimeuziwa ujanja. Kumbe sato wakipita siku zao za mwanzo kwenye maji yanayozidi nyuzi 32, wengi huweza kuelekea udume. Kwa mfugaji ni sawa, madume hukua haraka. Kwa samaki wa porini sijui tuseme nini.

Mbishi wa Zamu
Sina kipimajoto. Nitajuaje?

Mleta mada
Geuza mawe kwenye maji yanayokimbia. Ukikuta watoto wa kerengende na wadudu wengine wa aina nyinginyingi, bado pana uhai. Ukikuta funza wekundu tu, una jibu. Halafu nenda alfajiri, zima tochi, sikiliza.

Mbishi wa Zamu
Nimetoka huko sasa hivi. Penye miti, kimya. Kule chini kulikofyekwa, uso wa maji unadonolewa kila mahali kama manyunyu, na mbingu haina hata wingu.