Kilele cha kabendazimu kipo kwenye bafa, kwenye nyanya kinapotea

labo_kadutu
Jambo wote. Tunatafuta kabendazimu, dawa ya kuua ukungu wa mimea, kwenye nyanya za soko la Kadutu, hapa Bukavu. Elektrodi ni za kaboni za kuchapwa, tunapima kwa voltametria ya mapigo (tunapandisha volti kwa mapigo na kusoma mkondo; dawa inaonekana kama kilele), ndani ya bafa, yaani maji ya fosfati yanayoshikilia pH 7. Kwenye bafa kilele kinasimama vizuri karibu na volti 0.9, mstari umenyooka toka 0.5 mpaka 20 µmol/L. Tukitia juisi iliyochujwa, kilele kinalala na kusogea. Kipimo cha tatu kwenye elektrodi ileile ni nusu ya cha kwanza. Ajabu ni kwamba modeli yetu kwenye kompyuta, inayosoma mikunjo ya vipimo na kukisia dawa, inapatia karibu yote, lakini nyanya mpya za Kabare inazikosea. Tatizo ni sensa au ni modeli?

kemia_nyawera
Yote mawili, ndugu, ila anza na juisi. Pektini na fenoli za nyanya zinaganda juu ya kaboni, na fenoli zikioksidika zinajenga utando usiotoka kwa kusuuza. Elektrodi moja, kipimo kimoja, halafu tupa.

Halafu safisha sampuli. Saga angalau kilo moja ya nyanya nzima, bila kuosha wala kumenya. Pima uji g 10, tia asetonitrili mL 10, tikisa kwa nguvu dakika 1. Ongeza magnesiamu salfati kavu g 4 na chumvi safi g 1, tikisa palepale, kisha sentrifuji dakika 5. Angalia chupa ya salfati: ikiwa na mabonge imeshakunywa unyevu wa hewa, haitavuta maji yote, na tabaka la juu, yaani asetonitrili iliyobeba dawa, litabaki na maji.

Usipeleke asetonitrili kwenye elektrodi, inalainisha wino wa kaboni uliochapwa. Ukiipunguza mara 10 kwa bafa nayo haisaidii: nyanya yenye mg 0.5 kwa kilo itakupa 0.26 µmol/L tu, chini ya mwanzo wa mstari wako. Kausha mL 5 za tabaka la juu kwa hewa kwenye nyuzi 40, yeyusha kwanza kwa metanoli µL 50, kisha bafa µL 950. Sasa nyanya ileile inatoa kama 13 µmol/L, kama hakuna kilichopotea njiani.

Mstari wa bafa tupu usiutumie. Gawa dondoo hilo sehemu nne, ongeza kabendazimu 0, 2, 4 na 6 µmol/L, chora mstari, urudishe nyuma mpaka mkondo ufike sifuri.

data_ibanda
Kuhusu modeli: kila nyanya mmeipima mara ngapi? Kama ni mara tano, na mistari yote ya data ikachanganywa kabla ya kugawa ya mafunzo na ya jaribio, basi nyanya moja iko kwenye mafunzo na kwenye jaribio pia. Modeli inaitambua nyanya, haijifunzi dawa. Gawa kwa shehena: shehena nzima ya muuzaji mmoja ikae nje, na wastani wa kusawazisha data ukokotolewe kwenye mafunzo peke yake.

Angalia pia ratiba. Kama zenye dawa zilipimwa Jumatatu na safi Jumanne, modeli imekariri siku, au pakiti ya elektrodi. Panga zamu za kupima kwa kura. Kwa mikunjo michache, regresheni ya PLS (hesabu inayofupisha data nyingi kuwa vigezo vichache) inatosha. Mtandao wa neva utakariri kila kitu.

labo_kadutu
Mara tano, na tulichanganya. Aksanti sana. Kuranti ikikatika, bila sentrifuji?

kemia_nyawera
Acha mirija isimame kwenye frigo nusu saa, chukua tabaka la juu polepole kwa pipeti, chuja.

agronomi_kabare
Tafadhali, msiandike “nyanya salama” kwa kukosa kabendazimu. Dhidi ya mildiu, ugonjwa wa nyanya, watu wanapuliza mankozebu, dawa nyingine, na hiyo haiyeyuki kwenye asetonitrili. Inabaki kwenye mashapo mnayotupa. Kuipata kunahitaji kuivunja kwa asidi na kupima kaboni disulfidi inayotoka, gesi yenye sumu inayoshika moto haraka, kazi ya kabati la labo lenye feni ya kuvuta hewa. Na mkipata kabendazimu, msimlaumu mkulima kwa dawa hiyo moja: tiofanati-methili, dawa nyingine ya ukungu, nayo inageuka kabendazimu ndani ya mmea.