Kambare wa chambo wanakufa kwenye tanki nyumbani, naombeni ushauri

MvuviIgombe:
Wakuu, salaam. Natega migonzo (kamba ndefu zenye ndoano nyingi) ya sangara huku Igombe, Mwanza. Chambo changu ni kambare wadogo, wale wa urefu wa kidole, nanunua kwa vijana wanaowatoa kwenye majaruba ya mpunga upande wa Magu. Sangara anafuata kinachocheza, kwa hiyo kambare akinifia kabla ya ndoano kuingia majini, hela imekwenda.

Kwa kuwa hawapatikani kila siku, nimeamua kuwahifadhi nyumbani. Nimekata simtanki ya lita 1,000 upande wa juu, iko uani, maji lita 600 hivi, kambare 400. Nawapa pumba na unga wa dagaa asubuhi na jioni. Kila alfajiri namwaga maji naweka mapya ya bomba ili wakae pasafi. Pamoja na usafi wote huo, wiki iliyopita nimeokota 130 waliokufa ndani ya siku nne. Wanapanda juu, wanasimama kichwa juu mkia chini, ngozi inafanya utando mweupe kama maji ya mchele, jioni wanaelea. Nimenunua pampu ya hewa, hakuna badiliko. Nakosea wapi?

KambaNgumu:
Pole mkuu. 400 ni wengi mno kwa lita 600. Punguza nusu, halafu tafuta pampu kubwa zaidi.

MamaVifaranga:
Pole sana baba. Kabla hujapunguza wala kununua kitu, nijibu haya. Maji ya bomba unayaacha yalale, au yanaingia moja kwa moja? Wanaanza kufa muda gani baada ya kubadilisha? Na ukiingiza mkono mpaka kitako cha tanki, unagusa nini?

MvuviIgombe:
Dada, mpira unatoka bombani moja kwa moja hadi kwenye tanki. Wanaanza kulegea kwenye saa nne asubuhi. Kitako nimekigusa sasa hivi: koki iko juu kidogo ya kitako, kwa hiyo maji yakitoka lile tope linabaki. Pumba imelala kama uji na inanuka uozo. Sikuwahi kuingiza mkono kabla ya leo.

MamaVifaranga:
Basi tatizo ni maji, na idadi sina ugomvi nayo. Mimi nazalisha vifaranga vya kambare, na hao wa kidole wanaweza kubanana kuliko hapo wakawa wazima. Kambare ana kiungo juu ya matamvua kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo maana anaishi kwenye tope ambako sato angekufa asubuhi hiyo hiyo. Pampu haina ubaya, ila haigusi kinachowaua.

Kinachowaua cha kwanza ni dawa ya bombani, klorini. Inaua vijidudu kwenye maji yetu ya kunywa, na inaunguza matamvua ya samaki vilevile. Utando unaouona ni ute: samaki akiunguzwa na maji anatoa ute mwingi kujikinga. Wewe unamuunguza kila alfajiri, jana hajapona na leo tena. Tafuta pipa la mdomo mpana, jaza maji, liache wazi saa 24, ukoroge mara mbili tatu kwa siku.

Cha pili ni hiyo pumba. Chakula kinachooza na kinyesi vinatoa amonia, na amonia haionekani kwa macho. Maji yanaweza kuwa meupe kama ya kunywa na bado ni sumu. Chukua kipande cha mpira, nyonya tope la kitako kila siku, toa robo ya maji tu, rudisha yaliyolala. Ukitoa maji yote kwa mpigo unawabadilishia joto na kila kitu kwa dakika kumi, hilo peke yake ni pigo.

Chakula mara moja jioni, kile wanachokimaliza ndani ya dakika kumi. Usiwanyime kabisa, kambare wakishinda njaa wanakulana. Watenge wakubwa na wadogo, maana mwenye kichwa kipana atammeza mwenzake mzima, na asubuhi utahesabu pungufu bila kuona mzoga.

DawaTele:
Mwaga otisii (OTC), ile antibiotiki ya kuku, humo, kesho wote wazima. Mimi nafanya hivyo.

MamaVifaranga:
Ndugu yangu, hapana. Huyo kambare analiwa na sangara, na sangara analiwa na watoto wetu. Antibiotiki haiondoi klorini wala amonia, na ukiimwaga ovyo unazoesha vijidudu dawa. Kama ngozi ina michubuko, tumia chumvi ya kawaida, gramu 3 kwa lita. Kwa lita zake 600 ni kilo 1 na gramu 800. Iyeyushe kwenye ndoo kwanza, mimina kidogo kidogo. Ukibadilisha lita 150, ongeza gramu 450 tu, usirudie kilo zote.

OmeraWaBusia:
Habari zenu kutoka upande wa Kenya. Huku kwetu kambare tunamwita mumi, na wako wakulima wanaofuga vidimbwi vya mumi wadogo hasa kwa ajili ya chambo cha mbuta, yaani sangara wenu. Ndugu, hebu angalia pia unavyowabeba kwenda ziwani. Mimi nilipoteza jerikeni nzima. Nilijaza maji hadi shingoni nikafunga kifuniko, nikidhani maji mengi ndiyo afya. Nilipofungua pale ufuoni walikuwa wamekufa wote, wamejazana mdomoni mwa jerikeni. Mumi asipofika juu kuvuta hewa anazama kama mtu. Siku hizi nabeba kwa ndoo pana, maji nusu, kifuniko kimetobolewa matundu.

MvuviIgombe:
Mungu wangu. Galoni zangu najaza pomoni na kufunga, nikilaumu joto la barabarani.

KambaNgumu:
Nakubali, pampu niliisema haraka. Niongeze moja ninayoijua vizuri: unawatoa na nini? Kambare ana mwiba kwenye kila pezi la kifuani. Ukiwakumba kwa mkono au kwa wavu mgumu wanachomana, na kila kidonda ni mlango wa ugonjwa. Shona kiwavu kwa neti ya mbu, toa wachache wachache. Na funika tanki, nusu kwa kivuli, maana wakikaa gizani wanatulia. Mvua ikinyesha usiku bila kifuniko, asubuhi utawaokota uani.

MvuviIgombe (siku ya tisa):
Wakuu, narudi na majibu. Kwanza nilifanya jaribio la ndoo mbili, kambare kumi kumi. Ya bombani moja kwa moja: kufika adhuhuri, kambare saba wamelala ubavu. Ya maji yaliyolala: wote kumi wamekaa chini kimya, mmoja mmoja anapanda, anachukua hewa, anashuka. Niliketi pale nikawatazama karibu saa nzima. Miezi yote hiyo nilikuwa nawaua kwa mkono wangu nikijua nawatunza.

Nimesugua tanki, nimeweka turubai juu, nimetia chumvi kwa kipimo cha dada. Nilileta 300 wapya, kila ndoo nikaongeza kikombe kimoja kimoja cha maji ya tanki kwa nusu saa kabla ya kuwaachia. Mpaka leo wamekufa 11, na wengi wao ni wa siku ya kwanza, walikuja na michubuko. Utando mweupe siuoni tena.

Jioni hii napeleka 120 ziwani. Je, niwape chakula kabla ya kutoka?

MamaVifaranga:
Hapana, waache na njaa tangu jana yake. Samaki aliyeshiba anachafua maji ya ndoo njiani.

MvuviIgombe:
Jana sikuwapa. Ndoo ni nusu, matundu nimetoboa kwa msumari wa moto. Tunatoka saa kumi na moja.