Wasifu wa baba aliyepigana Vita vya Kagera: naombeni ushauri, mazishi keshokutwa

Mtoto wa Tatu
Wakuu, poleni na majukumu. Baba yetu ametutoka usiku wa kuamkia jana. Kazi ya kuandika wasifu nimeachiwa mimi. Alikuwa askari wa JWTZ, akaenda Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, akastaafu, akarudi kijijini kulima na kutulea. Mchungaji ametupa dakika tano. Jeshi nilipe nafasi kiasi gani na familia kiasi gani? Kila nikianza nafuta. Nawasilisha.

Ngariba Mstaafu
Pole sana mkuu. Kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto, kuugua, shukrani kwa madaktari na majirani, "Bwana ametoa, Bwana ametwaa". Zote huenda hivyo, usijipe presha.

Mama Pacha
Pole mwanangu. Usimsikilize huyo, wasifu wa hivyo watu wanausikiliza huku wanachezea simu. Alikuwa mtu wa namna gani nyumbani? Anzia hapo.

Mtoto wa Tatu
Asante mama. Nyumbani alikuwa mpole ajabu kwa mtu aliyetoka jeshini. Kila jioni alikagua madaftari yetu kwa taa ya chemli, na ukikosa hesabu hakuchapa, alikaa na wewe mpaka uelewe, hata kama chakula kinapoa. Mama alipopooza upande mmoja, baba ndiye aliyemwogesha na kumsuka nywele. Alijifunza kusuka uzeeni. Dada zangu walipotaka kumpokea kazi hiyo alikataa.

Jeshini sijui mengi. Simulizi pekee aliyotupa ni ya kuvuka daraja la Kyaka usiku, mto unavuma chini, hakuna ruhusa hata ya kukohoa.

Kibuyu cha Asali
Umenikumbusha mjomba. Alichukuliwa mgambo 1978, wakaenda Mutukula, Masaka, Lukaya, mpaka Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979. Kule Lukaya kulikuwa na Walibya upande wa Amin, akisimulia hapo sauti inabadilika. Msibani kwake tulisoma yote hayo na watu walisimama kupiga makofi kaburini. Mkuu, vita iweke mbele! Vijana wa sasa hata Jenerali Musuguri, mmoja wa makamanda wa vita ile, hawamjui.

Chumvi ya Mawe
Mleta uzi, kuna kitu unaficha. Mtoto wa shujaa haulizi vita aipe nafasi kiasi gani. Funguka usaidiwe.

Mtoto wa Tatu
Sawa. Baba alikataza. Mwaka juzi alipolazwa alituita watoto wote akasema siku yake ikifika tusisome habari za vita. Kaka mkubwa akamuuliza kwa nini. Akasema, "Wanaostahili kusomwa wako Kaboya." Hakuongeza neno. Kaboya ndiko yaliko makaburi ya askari wetu waliokufa vita ile.

Lakini wakuu nieleweni. Alikuwa amedhoofika, homa iko juu. Medali yake aliitunza kwenye sanduku, imefungwa kitambaa safi. Kila Julai 25 alikaa na redio kusikiliza Siku ya Mashujaa mpaka mwisho, kisha anaingia chumbani na hatumwoni hadi kesho yake. Mtu asiyetaka kukumbukwa kwa vita hafanyi hivyo. Na ratiba zimeshachapwa, jalada ni picha yake akiwa na sare. Wastaafu wenzake tumeshawaalika, mmoja yuko kwenye basi sasa hivi.

Mama Pacha
Kumbe ulikuwa umeshaamua.

Mtoto wa Tatu
Sijaamua mama. Nimechapa tu.

Mtumishi wa Zamu
Neno la mzazi anayeondoka ni wosia. Hilo halina mjadala. Waheshimu wazazi wako upate miaka mingi duniani.

Ngariba Mstaafu
Wosia ni wa shamba na nyumba. Haya mengine ni maumivu ya mzee wa watu.

Chumvi ya Mawe
Subirini. Daraja la Kyaka lililipuliwa na majeshi ya Amin mwanzoni mwa Novemba 1978. Askari wetu wanarudi upande ule, daraja halipo. Baba yako alivuka lipi? Hii ni chai, tena haina sukari.

Kibuyu cha Asali
Duh. Na mimi nimeshamwaga machozi hapa.

Mtoto wa Tatu
Mkuu, baba yangu yuko mochwari. Nimeandika alivyotuambia.

Mhandisi wa Kijani
Chumvi, punguza. La kwanza lililipuliwa, kweli. Mwezi uleule JWTZ wakaweka daraja la muda juu ya Mto Kagera, wakavuka. Mzee hakukosea. Nilivaa sare hiyo miaka mingi baada yake, na walimu wetu walikuwa watu wa vita ile. Nitasema nilichokiona kwao. Hawakuona aibu, na wala hawakusahau. Ila ukiwasifia, wanatazama chini, kwa sababu wanamwona mwenzao waliyemwacha kule. Baba yako ile redio alikuwa anawasikilizia wenzake. Usimchukulie kama mgonjwa aliyekuwa anaweweseka.

Chumvi ya Mawe
Nimekuelewa mhandisi. Mleta uzi samahani, na pole kwa msiba.

Mama Pacha
Mama yenu anasemaje? Amelala na huyo mtu miaka yote hiyo.

Mtoto wa Tatu
Nimetoka kumuuliza. Amesema picha ya sare iacheni, ndiyo aliyompelekea wakati wa uchumba. Vita isisomwe. Baba alikuwa anaamka usiku akiita jina la mtu, na asubuhi hataki kuulizwa. Jina hilo mama analijua, kumbe alikuwa rafiki wa baba aliyezikwa Kaboya. Sisi hatukuwahi kulisikia.

Nimeandika hivi: "Alilitumikia Jeshi la Wananchi wa Tanzania hadi alipostaafu. Habari za vita aliomba tusizisome, akisema wanaostahili kusomwa wako Kaboya." Kisha jina la yule rafiki, tusimame kimya dakika moja. Zinazobaki nne zote ni za nyumbani. Tatizo ni kaka mkubwa. Anataka Masaka na Lukaya zisomwe, na msomaji ni yeye.

Mhandisi wa Kijani
Yule mstaafu aliye kwenye basi akifika, mkae naye yeye na kaka kabla ya chakula cha usiku. Mwonyesheni karatasi. Kaka atamsikiliza kuliko wewe.

Ngariba Mstaafu
Na nakala ya karatasi abaki nayo mama.