Gari lalala Mokowe wiki tatu, betri yafa: kutoa waya mweusi kwatosha?

Mvuka Maji
Assalamu alaikum wakuu. Gari ni Probox, betri NS60 ya ampea-saa 45, ile ya vifuniko vya kutilia maji. Kazi iko kisiwani Amu (Lamu), kwa hivyo gari hulala Mokowe, gatini upande wa bara, wiki mbili mpaka tatu, juani, na sasa ni kaskazi joto limepamba moto. Nikirudi hata taa ya ndani haiwaki. Hubustiwa kwa betri ya gari jingine, likawaka, nikaenda zangu. Hii ni betri ya pili ndani ya miezi 14. Mtandaoni nakuta ushauri wa watu wa Canada na Ulaya: theluji, blanketi la betri, chaja ya usiku kucha. Huku theluji iko wapi? Nitoe tu waya mweusi niondoke, au kuna la zaidi?

Fundi Waya, Malindi
Wa alaikum salaam kaka. Huo ushauri wa baridi usiutupe, usome kinyume. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri betri hutoa kama nusu tu ya nguvu zake, na oili nayo imekuwa nzito, ndiyo maana wenzetu hukwama asubuhi. Lakini betri iliyojaa ukiiweka baridini hudumu. Inayoganda na kupasuka ni ile iliyoisha. Kwetu joto huifanya stata izunguke kwa raha huku betri ikiliwa ndani kwa ndani: nyuzi 10 zikipanda, betri hujimaliza yenyewe karibu mara mbili upesi, maji hukauka, na sahani za risasi za upande wa chanya huoza.

Ila hapo joto si mshtakiwa wa kwanza. Gari lisilo na hitilafu likizimwa bado hula miliampea 20 hadi 50, za alamu na kompyuta. Chukua 50: kwa siku ni ampea-saa 1.2, kwa wiki tatu ni 25. Hiyo imeshapita nusu ya betri yako, na gari halina ubaya wowote. Lako linafika sifuri, maana yake kuna kitu kinanyonya zaidi ya hapo.

Pima hivi. Funga kila kitu, toa ufunguo. Fungua mlango wa dereva na usukume kitasa au swichi yake kwa bisibisi mpaka gari lidhani mlango umefungwa. Mita ya umeme iweke kwenye tundu la ampea 10, toa waya mweusi, kisha uiunge kati ya kichwa hasi cha betri na waya huo. Ngoja dakika 30, kompyuta zilale, ndipo usome. Ikizidi 50, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Na usijaribu kupiga stata mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake au mita yenyewe.

Nahodha Injini
Naongeza la chumvi, maana hapo gatini upepo wa bahari hauna simile. Betri nyingi zinazoletwa kwa fundi zikiitwa mbovu, ubovu uko kwenye kibano cha waya. Kwa nje panang'aa. Ukikifungua, kati ya kibano na kichwa cha risasi mna utando mweusi, na huo ndio unaozuia umeme.

Kuujua ni rahisi. Ncha moja ya mita iguse katikati ya kichwa chenyewe, nyingine iguse kibano, mwenzako apige stata. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unapotea hapo. Fungua kwa spana namba 10, mweusi kwanza, mwekundu baadaye. Kurudisha ni kinyume, mwekundu kwanza. Ukianza na mwekundu, spana ikagusa bodi, ni cheche kubwa, na betri hutoa gesi inayolipuka.

Ule unga mweupe au wa kijani uoshe kwa magadi, kijiko kimoja cha chakula kwenye kikombe cha maji ya moto. Vifuniko viwe vimefungwa, magadi yakiingia ndani yanaua asidi. Povu likiisha, suuza, kausha, sugua kwa msasa mpaka risasi ing'ae, kaza, halafu ndipo upake grisi au Vaselini kwa juu. Watu hupaka kwanza wakafunga baadaye, wakashangaa. Na tafadhalini, sifa, yale mafuta ya papa, ni ya mbao za jahazi, si ya betri.

Maji ya kuongeza: ni yale ya betri yaliyosafishwa (distilled), ya chupa ya dukani, yasiyo asidi, si ya kunywa. Maji ya kisima yana chumvi, na chumvi hula sahani. Usiongeze asidi hata betri ikiwa dhaifu; asidi haikukauka, kilichokauka ni maji. Sahani zikiwa wazi, zifunike tu, chaji, halafu ndipo ujaze mpaka alama.

Jua Bure
Kwa swali la msingi: kutoa waya mweusi kunaziba mnyonyo wa gari, hakuzibi betri kujimaliza. Kwa wiki tatu kunatosha, kwa sharti betri iachwe imejaa. Tatizo ni kwamba yako haiachwi imejaa. Betri iliyokufa kabisa, ukaibusti, ukaendesha mpaka mji wa Hindi hapo karibu na kurudi, haijajaa hata robo. Alternata kazi yake ni kutunza betri nzima, si kufufua maiti. Betri ya ampea-saa 45 inataka chaja ya ampea 4 au 5 kwa saa 10 hadi 12. Ikikaa nusu tupu wiki nzima joto hili, salfeti inaganda kwenye sahani kama magamba, na magamba hayo hayarudi. Ndiyo siri ya betri mbili ndani ya miezi 14.

Ikikaa bila kuguswa usiku mzima, isome: 12.6 na zaidi imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Usiache gari kwa chini ya 12.5.

Ukiweza, funga paneli ndogo ya jua ya wati 10 yenye kontrola ya kuzuia chaji isizidi, fyuzi ya ampea 5 karibu na kichwa chanya, waya moja kwa moja kwenye betri. Usichomeke kwenye tundu la sigara, kwenye gari nyingi za Japani tundu hilo hufa ukitoa ufunguo. Jua letu litakupa kama ampea-saa 2 mpaka 3 kwa siku, linafunika mnyonyo wa kawaida na baki. Ikiwa gari lina traka, kifaa cha kulifuatilia, iliyowekwa na waliokukopesha, waarifu kabla ya kutoa waya, wasije wakadhani limeibwa.

Mvuka Maji
Shukrani sana. Nimepima: miliampea 210. Nikichomoa fyuzi ya redio inashuka mpaka 30. Betri baada ya usiku mmoja, 12.18. Redio ni ya kichina, iliwekwa mwaka jana.

Fundi Waya, Malindi
Umeshampata mwizi. 210 ni ampea-saa 5 kwa siku. Betri mpya iliyojaa inaisha chaji kwa siku 9. Chomoa redio utazame nyuma. Waya wa njano ni wa kumbukumbu, huwa na moto (umeme) muda wote. Mwekundu unatakiwa upate moto ufunguo ukiwa umewashwa tu. Fundi mvivu huzisokota nyaya hizo mbili pamoja ili redio ifanye kazi haraka, na hapo haizimiki kamwe, inasinzia tu. Zitenganishe, mwekundu upeleke kwenye waya unaokufa ukitoa ufunguo, pima tena.

Betri ichaji saa 12 vifuniko vikiwa vimelegezwa, mahali penye hewa, ilale usiku, halafu pima kila chumba kwa haidromita, kipimo cha uzito wa asidi. 1.265 kwenda juu ni nzuri. Vyumba vitano vikisoma 1.260 na kimoja 1.200, hicho kimoja kimekufa na betri nzima imekwenda nacho. Vyote vikiwa chini kwa usawa, irudishe kwenye chaja saa 10 nyingine kabla hujanunua mpya.