Oval 2006 na Darrell Hair: ubaguzi, kosa la uamuzi, au ICC iliogopa kelele?

Wiketi_Tatu:

Wakuu, kila mjadala wa waamuzi wa kriketi ukimfikia Darrell Hair wa Australia unagawanyika pande mbili na hausogei tena. Agosti 2006, uwanja wa Oval, London, Hair na mwenzake waliiadhibu Pakistan kwa kuharibu mpira kwenye Test (mechi ya kimataifa ya siku tano) dhidi ya Uingereza. Pakistan wakagoma kurudi uwanjani, na waamuzi wakaipa Uingereza ushindi. Wa kwanza wanasema Hair alikuwa na chuki na timu za Asia, na ushahidi wao ni mrushaji Muralitharan wa Sri Lanka 1995 na Pakistan 2006. Wa pili wanasema jamaa alisimamia kanuni, ICC (baraza la kriketi duniani) ikamtosa kwa sababu siku hizi ukiiadhibu timu ya Asia unaitwa mbaguzi, na viongozi wanaogopa neno hilo kuliko wanavyoogopa kuvunja kanuni zao.

Naomba wanaozijua kanuni wanisaidie. Mwamuzi anaweza kutoa adhabu ya kuharibu mpira bila kumtaja aliyeuharibu? Kwenye kikao cha nidhamu cha Inzamam, nahodha wa Pakistan, kiliamuliwa nini hasa? Na mtu atamtofautishaje mwamuzi mbaguzi na mwamuzi aliyekosea tu? Matusi sihitaji, yamejaa kwingine.

Skwea_Legi:

La kwanza: ndiyo, aliweza. Wakati ule ilikuwa Kanuni ya 42.3, leo ni 41.3. Waamuzi wawili wakiridhika kwamba hali ya mpira imebadilishwa isivyo halali, wanashauriana, wanabadili mpira na kuipa timu inayopiga mikimbio 5. Hawakulazimika kusimama katikati ya uwanja na kutaja jina. Masharti ya mechi ya ICC ya sasa yamelegeza hapo: mhusika asipojulikana, mpira unabadilishwa na nahodha anapewa onyo la kwanza na la mwisho. Ikitokea tena ndipo wapinzani wanapewa mikimbio 5 na nahodha anahesabiwa kuwa ndiye mkosaji. Kwa masharti haya siku ile ya Oval ingeishia kwenye onyo.

La pili ndilo linalochanganywa kila siku. Mashtaka ya Inzamam-ul-Haq yalikuwa mawili, na majibu yake yalikuwa mawili tofauti. Shtaka la kuharibu mpira: hana hatia. Shtaka la kuuvunjia mchezo heshima kwa kukataa kurudi uwanjani baada ya mapumziko ya chai: ana hatia, akafungiwa mechi 4 za siku moja. Aliyesikiliza ni Ranjan Madugalle, nahodha wa zamani wa Sri Lanka, Septemba 2006. Kwa hiyo anayesema "Inzamam alisafishwa" ana nusu ya ukweli, na anayesema "Inzamam alipatikana na hatia" ana nusu nyingine.

Kwa nini shtaka la mpira lilianguka? Mpira ulikuwa na umri wa ova 56 (ova moja ni mipira sita). Mpira wa umri huo umeshagonga ardhi kavu na mbao za mpakani mara nyingi, kwa hiyo mikwaruzo peke yake haisemi kitu. Mpira kupinda angani kinyume cha kawaida nako si ushahidi, maana timu ikitunza upande mmoja uking'aa na kuuacha mwingine uchakae, mpira utapinda kinyume bila kucha ya mtu kuugusa. Kamera zilikuwa nyingi na hakuna iliyomnasa mchezaji akiuchokonoa. Madugalle aliuangalia mpira wenyewe na hakuridhika kwamba uchakavu ule ulihitaji mkono wa mtu.

Kosa kubwa la waamuzi siku ile, kwa maoni yangu, ni mawasiliano. Kanuni iliwapa uwezo wa kuadhibu, lakini kumwambia nahodha wazi umeona nini na kwa nini unabadili mpira kungewagharimu dakika mbili tu. Pakistan waliendelea kucheza baada ya adhabu. Mgomo ulikuja baadaye, walipokaa chumbani na hasira ikapanda.

Mpira_Mkongwe:

Mkuu umeeleza vizuri ila umeruka jina moja: Billy Doctrove. Waamuzi walikuwa wawili, na Doctrove ni mtu mweusi kutoka Dominica. Adhabu ile haitolewi na mmoja bila mwenzake. Kama uamuzi ulikuwa wa kibaguzi, mbona hakuna anayemtaja Doctrove?

Hair mwenyewe alilishika hilo hilo. Novemba 2006 ICC ilimwondoa kwenye mechi kubwa, Doctrove akabaki. Hair akaishtaki ICC mbele ya baraza la migogoro ya kazi London kwa ubaguzi wa rangi, akidai mwenzake mweusi aliyeamua jambo lile lile hakuguswa. Shauri aliliondoa Oktoba 2007, mwaka uliofuata akarudi kwenye Test, na Agosti 2008 akajiuzulu. Sasa nani alibaguliwa hapo?

Skwea_Legi:

Mpira_Mkongwe, Doctrove ni hoja nzito na nakubali ilipaswa kutajwa. Ila usisahau barua pepe. Siku chache baada ya mechi Hair alimwandikia meneja wa waamuzi wa ICC akitaka dola 500,000 ili ajiuzulu, na ICC ikaitangaza hadharani. Doctrove hakuandika barua ya namna hiyo. Kwa hiyo huwezi kusema wawili hawa walitofautiana rangi tu.

Pale ambapo wenzako wangekuwa na hoja ya kweli hata hawapagusi. Julai 2008 ICC ilibadili matokeo, kutoka ushindi wa Uingereza kwenda sare. Kanuni haikuipa bodi uwezo wa kugeuza matokeo ambayo waamuzi wameshayatangaza. MCC, wenye kutunza kanuni, walipinga, na Februari 2009 ushindi ukarudishwa. Hata hivyo ile haikuwa hofu ya kuitwa mbaguzi. Bodi ya Pakistan iliomba, wajumbe wa nchi nyingine wakakubali. Ni siasa ya kura na urafiki wa bodi, na ingekuwepo hata kama wote uwanjani wangekuwa rangi moja.

Bi_Ova:

Kuhusu Muralitharan, watu husema "Hair alimwita mrushaji haramu" wakaishia hapo. Undani wake ndio unaofundisha.

Melbourne, Desemba 1995, Hair alimhesabia noboli (mipira haramu) 7 kwa madai kwamba anatupa mpira. Kwa kawaida anayekagua kiwiko ni mwamuzi aliyesimama pembeni, kwa sababu ndiye anayeuona mkono ukizunguka kutoka ubavuni. Hair aliita akiwa upande wa mrushaji, nyuma ya wiketi (vile vijiti vitatu), pembe mbaya kwa kazi hiyo, ingawa kanuni ilimruhusu. Aliyekuwa pembeni, Steve Dunne wa New Zealand, hakuita hata moja. Nahodha wa Sri Lanka, Arjuna Ranatunga, akamhamishia Murali upande wa Dunne, na mchezo ukaendelea bila noboli ya kiwiko.

Murali ana kiwiko kisichonyooka kikamilifu tangu kuzaliwa. Kinachokatazwa ni kukinyoosha wakati wa kurusha. Kuwa na kiwiko kilichopinda si kosa. Jicho linaona mkono uliopinda ukizunguka kwa kasi na kudhani unanyooka. Wataalamu walipopima warushaji kwa kamera za kasi ilibainika kwamba hata wale walioitwa safi wananyoosha kidogo. Tangu 2005 kikomo ni digrii 15 kwa kila mrushaji, zikihesabiwa kuanzia mkono unapofika usawa wa bega hadi mpira unapoachiwa. Kabla ya hapo ilikuwa digrii 5 kwa wazungushaji wa mpira na 10 kwa wenye kasi.

Hapa ndipo kundi la "siasa za kumbembeleza Murali" linapodai kikomo kilipandishwa kwa ajili yake. Hesabu haikubali. Kwa viwango vya zamani wenye kasi wengi, wakiwemo wa Australia na Uingereza, wangekuwa wanavuka kikomo. Na mfumo wenyewe umebadilika: leo mwamuzi mwenye shaka anaandika ripoti baada ya mechi, na mrushaji anapelekwa maabara. Si kawaida tena kumuumbua mtu mbele ya maelfu ya watazamaji kwa jicho la mita 20.

Kijiti_cha_Kati:

Nijibu swali la tatu. Anayetaka kupima upendeleo wa mwamuzi asianze na matukio maarufu, maana yamekuwa maarufu kwa sababu yanaumiza. Mechi moja haithibitishi kitu.

Wengi huhesabu LBW (mpigaji kutolewa kwa kuzuia kwa mguu mpira ambao ungegonga wiketi) walizopewa timu A na timu B, wakiona tofauti wanapiga yowe. Unachopaswa kugawanyia ni idadi ya madai ya LBW. Timu yenye wazungushaji wazuri kwenye ardhi inayovunjika itagonga pedi za miguu mara nyingi zaidi na kudai zaidi, kwa hiyo itapata LBW nyingi hata mwamuzi akiwa malaika. Mwenyeji huzijua ardhi zake, hilo pia litoe kwanza.

Njia nzuri zaidi imefika na DRS (mfumo wa kurejea uamuzi kwa kamera), iliyoanza rasmi Novemba 2009. Mpira unaofuatiliwa na kamera ukionekana kugusa wiketi kwa chini ya nusu ya upana wake, uamuzi wa mwanzo wa mwamuzi unabaki, uwe auti (mpigaji ametolewa) au la. Mpira una upana wa sentimita 7 hivi, kwa hiyo tunazungumzia sentimita tatu na nusu ambazo mashine imeziacha mikononi mwa binadamu. Kama upendeleo upo, utaukuta pale. Kusanya mipira ya mpakani tu, uone mwamuzi fulani ameinua kidole mara ngapi dhidi ya kila timu. Mipira ya wazi haina faida kwako, mwamuzi yeyote anaipata.

Tatizo: unaona ile tu ambayo timu iliomba marejeo. Katika Test kila timu ina nafasi 3 zisizofanikiwa kwa kila zamu, na sekunde 15 za kuamua. Nahodha mwoga haombi, na kosa dhidi yake halionekani kwenye takwimu. Ukiweza kupata data ya njia ya mpira kwa kila mpira uliogonga pedi, tumia hiyo.

Uchambuzi mzito wa LBW za Test za 1986 hadi 2012 uliofanywa na wachumi wa Uingereza ulikuta kwamba waamuzi wawili wa nyumbani waliwapendelea wenyeji, na faida hiyo ikatoweka waamuzi wote walipotoka nchi nyingine. Hiyo haijali rangi. Ni upendeleo wa nyumbani. Waliodai suluhisho hilo mapema walikuwa Pakistan, waliokuwa wakiitwa wezi na magazeti ya Uingereza: nahodha wao Imran Khan alisukuma mwaka 1986 waamuzi wawili wa India, V. K. Ramaswamy na Piloo Reporter, wasimamie mechi ya Lahore dhidi ya West Indies. ICC ilifika hapo polepole, mwamuzi mmoja wa nje 1994, wote wawili 2002.

Wiketi_Tatu:

Shukrani wakuu. Na Sydney 2008, Australia dhidi ya India? Pale mwamuzi Steve Bucknor ni Mjamaika, na bado India walidai wameonewa.

Kijiti_cha_Kati:

Sydney inavunja hesabu ya rangi kabisa. Andrew Symonds wa Australia alipiga mpira kwa ukingo wa gongo akiwa na mikimbio 30, mlinda wiketi akaudaka, Bucknor akasema si auti. Akamaliza na 162 bila kutolewa. Siku ya mwisho Rahul Dravid wa India akatolewa kwa mpira ambao gongo halikuugusa. Makosa yalikuwa ya kweli na mengi yaliangukia India. ICC ikamwondoa Bucknor mechi iliyofuata ya Perth, akaingia Billy Bowden. Kumwondoa mwamuzi katikati ya mfululizo kwa sababu bodi kubwa imekasirika ni jambo baya kuliko makosa yenyewe, maana mwamuzi wa kesho atajua ni bodi ipi ya kuogopa.

Shauri la Harbhajan Singh wa India kudaiwa kumwita Symonds nyani usiliunganishe na uamuzi wa Bucknor, ingawa vyote vilitokea mechi moja. Waamuzi hawakusikia maneno. Mike Procter, refa wa mechi, alimfungia Test 3. Jaji John Hansen wa New Zealand akaondoa kifungo kwenye rufaa kwa kukosa uthibitisho, akamtoza nusu ya malipo ya mechi kwa kosa dogo zaidi la lugha chafu.

Mpira_Mkongwe:

Hapo kwa Bucknor tuko pamoja, mkuu. Kwa Hair bado nasema alitolewa kafara, ila ile barua ya dola laki tano sina namna ya kuitetea.