Detekta ya kwanza ya kutafutia sarafu na vito: Garrett ACE 300i, Vanquish 340 au Simplex?

Mwanatanga
Habari zenu wanajamvi. Mjomba wangu anayeishi Uingereza anarudi nyumbani mwisho wa mwezi ujao, na amekubali kunibebea detekta ya metali iwapo nitamwambia mapema ni ipi aagize. Ninachotafuta ni sarafu na vito vilivyopotea, yaani pete, mikufu na hereni. Dhahabu ya machimboni siifuati. Baada ya kusoma sana nimebaki na tatu: Garrett ACE 300i, Minelab Vanquish 340 na Nokta Simplex. Ninaomba wenye uzoefu mnisaidie kuchagua inayomfaa mtu anayeanza.

Fundi Mawimbi
Karibu, ndugu. Umetutajia mashine tatu, ila hujatutajia ardhi. Utatafuta shambani, kwenye uwanja wa mpira, kwenye mchanga mkavu wa pwani, au pale pale mawimbi yanapovunjikia? Una kiasi gani cha fedha, na je, unakusudia kuingia majini? Detekta inayofanya vizuri bara inaweza kukutesa ufukweni, kwa hiyo anayekujibu kabla ya kujua hayo anakisia tu.

Chunya Juu
Mimi namjibu hivyo hivyo: Garrett. ACE nimeishika kwa miaka mingi na haijaniangusha. Inatumia betri nne za AA, zile zile za rimoti, ambazo hata duka la kijijini linazo. Inatoa sauti tatu, ya chini kwa chuma na ya juu kwa shaba na fedha, na kiooni inaonyesha namba kuanzia 0 hadi 99 ambayo ukiizoea inakupa fununu ya kilicho chini kabla hujashika jembe. Anayeanza anahitaji mashine atakayoielewa siku ya kwanza, siyo yenye menyu ndefu.

Mshona Nyavu
Salamu kutoka Mombasa. Kaka wa Chunya, kwa shamba na uwanja sikupingi, lakini kama ndugu yetu yuko pwani jambo hili lina upande mwingine, na nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi hulijua baada ya kununua.

ACE 300i hutumia masafa (frikwensi) mamoja tu ya mawimbi, kilohezi 8. Maji ya bahari yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mchanga uliolowa huonekana kwa mashine kana kwamba wenyewe ni metali. Koili, yaani lile duara la chini linalopitishwa juu ya ardhi, ikipita juu yake, detekta hulia ovyo, na dawa pekee ni kupunguza makali yake mpaka vitu vidogo, kama hereni au mkufu mwembamba, visisikike tena. Tena mashine hiyo haina namna ya mtumiaji kuisawazisha na ardhi, yaani kuifanya isilie kwa madini yaliyomo udongoni. Vanquish 340 hutuma masafa kadhaa kwa wakati mmoja, ikalinganisha majibu yake, na hivyo kuweza kuitenga ile sauti ya chumvi na sauti ya kitu chenyewe. Usawazishaji inaufanya yenyewe. Kwenye mchanga mkavu, juu ya mstari wa maji kujaa, hutaona tofauti kubwa kati ya mashine hizi, lakini pete nyingi hupotelea kwenye mchanga uliolowa na majini, kwa sababu vidole husinyaa kwa maji na pete ikateleza.

Betri za AA kaka unazozipenda, Vanquish nayo inazitumia, nne vile vile.

Mpiga Mbizi wa Kigamboni
Mshona Nyavu amesema kweli kuhusu masafa, lakini ameacha jambo moja. Koili ya Vanquish unaweza kuizamisha, ila kichwa chake, yaani sehemu ya kioo na betri, hakitakiwi kuingia maji. Wimbi moja likikupiga kiunoni, umepoteza mashine. Simplex ile ya mwaka 2019 inazama yote hadi mita 3, na Simplex Ultra iliyokuja baadaye inafika mita 5. Ina hali maalumu ya ufukweni na betri yake ya ndani huchajiwa kwa waya wa USB, hata kwa pawabenki. Imetengenezwa Uturuki, na kwa bei yake sijaona nyingine inayozama namna hiyo, isipokuwa X-Terra Pro ya Minelab, ambayo nayo ina masafa mamoja kwa wakati mmoja, ingawa unaweza kuyabadili.

Mshona Nyavu
Ndugu yangu, inazama kweli, lakini ikiwa chini ya maji ya chumvi ikiwa imepunguzwa makali, inazama kutafuta nini? Hali ya ufukweni ya Simplex hutulia kwa kuacha vitu vidogo.

Mpiga Mbizi wa Kigamboni
Inapata pete ya ndoa, inapata sarafu, inapata saa. Mkufu mwembamba ni mtihani hata kwa mashine za bei mara tatu ya hiyo. Mimi natafuta majini, wewe unatafuta mchangani, na ndiyo maana hatuwezi kukubaliana.

Mwanatanga
Ninawashukuru nyote. Nipo Tanga mjini. Bajeti ni kama laki saba, na mjomba ataongeza kidogo ikibidi. Ninataka kuanza na fukwe za Raskazone ambako watu huoga sana mwisho wa wiki, kisha shamba la marehemu babu lililoko upande wa Tongoni, ambalo wazee husema zamani lilikuwa na nyumba za biashara. Kuingia majini, labda hadi magotini.

Fundi Mawimbi
Haya ndiyo majibu tuliyokuwa tukiyasubiri. Kwa Raskazone, ndugu, elewa kwanza unasimama wapi. Novemba 1914 majeshi ya Waingereza kutoka India yaliteremka pande hizo hizo za Ras Kasone kwenda kupigana na Wajerumani. Tarajia maganda ya risasi, na ganda la shaba linalia vizuri kama sarafu. Ukifukua kitu kikubwa kizito chenye umbo la kombora, usikiguse wala usikigonge. Ondoka, wajulishe polisi.

Jambo la pili ni sarafu zetu wenyewe. Chukua sumaku uijaribu shilingi 500 iliyotoka mwaka 2014. Itaning'inia, kwa sababu ni chuma kilichopakwa nikeli. Detekta iliyowekwa kuchuja chuma inaweza kuiruka, au namba zake zikarukaruka bila kutulia. Kinyume chake, heller na pesa za shaba za wakati wa Mjerumani, pamoja na senti 10 zenye tundu za Afrika Mashariki, hulia safi kabisa. Kwa hiyo anayetafuta sarafu aseme pia sarafu za enzi gani.

Binti Pangani
Nami niongeze kuhusu vito, maana hapo ndipo wanaoanza hupoteza. Dhahabu, hasa pete ndogo ya kike, haina namba yake peke yake. Inaangukia mle mle zinamoangukia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara na kile kipete cha kufungulia kopo la soda. Ukiiamuru mashine inyamazie takataka hizo, umeiamuru inyamazie pete. Mimi hufukua kila kinacholia isipokuwa chuma cha wazi, na takataka naziweka kwenye mfuko nilioufunga kiunoni. Ufukwe unabaki safi, na watu wa hoteli wakikuona unaondoka na vizibo vyao hawakufukuzi.

Pia fuata maji. Nenda wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa, siyo wakati wa maji mafu. Baada ya siku za kusi kali, tafuta mahali ambapo mchanga umeondolewa na kokoto zimebaki zimejikusanya. Vitu vizito hukaa na vizito wenzake. Detekta ya bei yoyote iliyopelekwa mahali sahihi kwa saa sahihi inaishinda ya ghali inayotembezwa mchana wa maji kujaa.

Chunya Juu
Kuhusu lile shamba: kama kulikuwa na nyumba za biashara, hapo kuna rupia, zile sarafu za wakati wa Mjerumani. Hapo unahitaji mashine ya kina kirefu, siyo hizi. Kuna zile zenye antena mbili za mkononi zinazovuta dhahabu ukiwa mbali. Kuna aliyewahi kuzitumia?

Fundi Mawimbi
Ninakuomba, kaka, niruhusu nilieleze hili lote, kwa sababu limeigusa familia yangu.

Shemeji yangu wa Handeni aliuziwa kifaa cha aina hiyo na mtu aliyekuja na gari, koti na kitabu cha maelezo chenye picha za rangi. Kilikuwa na mpini mweusi, antena mbili za kuvuta kama za redio, na kitufe cha kuchagua dhahabu, fedha, almasi au shaba. Aliambiwa kinanusa dhahabu kilomita nzima na kina cha mita 30. Muuzaji alificha pete yake chini ya kigae nyuma ya nyumba, akatembea, na antena zikageuka zikaielekea. Alijua pete iko wapi, ila wakati ule hakuna aliyeliwaza hilo. Shemeji aliuza ng'ombe. Akaunda kikundi na jamaa zake, wakaanza kuchimba kwenye shamba la ukoo, kwa sababu antena zilikuwa zikielekea mti fulani wa mkwaju. Walishuka zaidi ya kimo cha watu wawili, bila nguzo za kuzuia udongo, mpaka ukuta mmoja ukabomoka na kumfunika kijana mmoja hadi kifuani. Alitolewa mzima, Mungu ashukuriwe, lakini mguu wake haujarudi kama ulivyokuwa.

Waliniletea kifaa nikitengeneze, wakidhani kimeharibika. Nilifungua mpini kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na betri ya volti 9, taa ndogo nyekundu, spika ndogo na kibao cha saketi cha kuwashia hiyo taa. Kitufe cha kuchagua madini kilikuwa na waya mbili tu, na zote zilirudi kwenye taa. Antena zilikuwa zimeshikiliwa na skrubu kwenye plastiki, hazikuungwa na chochote. Zinageuka kwa sababu mkono wa mtu ukiinama kidogo, chuma kirefu chepesi huinama nao, na mtu mwenye hamu huinamisha mkono bila kujijua.

Detekta ya kweli hutuma mawimbi ya sumaku kutoka kwenye koili, na sarafu moja kwa mashine hizi tatu husikika kwa kina cha shubiri moja hivi, au kidogo zaidi ardhi ikiwa nzuri. Anayekuahidi mita 30 kwa sarafu, muache aende.

Chunya Juu
Pole sana kwa shemeji na kwa huyo kijana. Nimekuelewa. Huku kwetu tatizo kubwa ni mashine za dhahabu za kuigiza. Zile GPX za Minelab zimeigwa mpaka kibandiko, na mchimbaji anakuja kugundua akiwa ameshafika porini. Mwambie mjomba anunue duka linalotambuliwa na kampuni, na risiti aitunze. Lakini rupia zipo, hilo sitarudi nyuma. Hata ile ya dhahabu yenye tembo iligongwa Tabora.

Mkusanyaji
Iligongwa, ndiyo, mwaka 1916, ikiwa ya rupia 15, katika karakana ya reli ya Tabora, kwa dhahabu ya Sekenke, wakati Wajerumani walipokuwa wamezingirwa, na sarafu haziji tena kutoka kwao. Zilitoka zaidi kidogo ya 16,000. Lakini nyingi ya zile ninazoletewa nizinunue ni za kuyeyushwa juzi, na tembo wake ana uso uliofifia kama sabuni iliyotumika. Rupia ya kawaida ya fedha ni nzuri vile vile na ina uzito wa gramu 11.66, atakayekuwa na mizani ndogo ya sonara hatadanganywa kirahisi.

Mwalimu wa Historia
Nimesoma yote na nimesubiri mtu aguse la Tongoni. Ndugu Mwanatanga, Tongoni kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, na shamba lililo upande huo linaweza kabisa kuwa sehemu ya mji wa kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimba kutafuta malikale bila leseni, na kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kinahesabiwa kuwa malikale. Shamba kuwa la babu hakubadilishi hilo. Kwa wenzetu wa Kenya, sheria ya mwaka 2006 inatumia mwaka 1895.

Siyo suala la kuogopa polisi tu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, zilipatikana sarafu zaidi ya 2,000 za fedha pamoja na chache za dhahabu. Zilifukuliwa na wataalamu, zikiwa mahali pake, ndiyo maana leo tunaweza kusema kwamba pwani hii ilikuwa na watawala waliogonga fedha yao wenyewe karibu miaka elfu moja iliyopita. Zingetolewa moja moja usiku na kupelekwa kwa sonara, tungebaki na bangili na hakuna historia.

Mwanatanga
Mwalimu, shikamoo, na ahsante. La shamba nitaliacha kwanza mpaka nimewaona watu wa Mambo ya Kale. Basi libaki la ufukweni. Naona Vanquish inanivuta kwa ajili ya mchanga uliolowa, lakini la kichwa kutozama linanitia wasiwasi.

Mpiga Mbizi wa Kigamboni
Wasiwasi wako ni sahihi. Simplex.

Mshona Nyavu
Magotini tu, ukiwa makini, Vanquish inatosha. Kichwa wengine hukifunga mfuko wa plastiki dhidi ya matone. Tena usisahau kijiko cha mchanga chenye matundu. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kwa bomba la chuma kisichoshika kutu, na bila hicho utaikimbiza pete moja mpaka maji yajae.

Binti Pangani
Mshona Nyavu, matundu ya ukubwa gani? Changu kina matundu ya sentimita moja na nusu na hereni zinapita.

Mshona Nyavu
Sentimita moja, dada. Hata hapo hereni ndogo hupita, lakini matundu madogo zaidi hayapitishi mchanga uliolowa, na mkono utachoka.

Mwanatanga
Mjomba amepiga simu, anasema ameona pia Simplex iliyotumika kwa bei ya chini. Mnasemaje kuhusu ya mkononi?

Fundi Mawimbi
Aikague waya wa koili pale unapoingilia kwenye koili, aupinde taratibu mashine ikiwa imewashwa. Ikilia bila kitu mbele yake, aiache. Na aulize kama imewahi kuingia bahari na kama ilisuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi baada ya hapo.