Ndege ya kukodi, nyeupe pee haina hata jina ubavuni. Nimpandishe mamangu au vipi?

binti_kibokoni

Asalaam aleikum wadau, naomba ushauri wa mtu anojua ndege si wa kubahatisha. Nampeleka mamangu umra, tiketi tumekatiwa na ejenti wa hapa mjini, Mombasa mpaka Nairobi alafu Jeddah. Juzi nkifungua ile karatasi ya safari naona chini kwa maandishi madogo madogo imeandikwa safari itaendeshwa na kampuni nyengine ambayo mie sijaisikia hata siku moja. Nkampigia ejenti akasema ah dada usiwe na wasiwasi hiyo ni ndege ya kukodi tu, zao ziko gereji. Zote ama?

Na sababu ya kuogopa ninayo. Mara ya mwisho tulipopanda na kampuni hii hii (jina nalihifadhi, sitaki maneno) ilikuwa ndege nyeupe vile vile, haina jina haina picha, herufi zake si za Kenya. Tumekaa ndani pale eapoti ya Moi, mlango ushafungwa, AC haitoi kitu, na jua la saa nane la Mombasa mwalijua wenyewe. Watoto walia, watu wajipepea na zile kadi za maelekezo ya usalama, alafu kwa dirisha naona wanaume wawili wavuta mtambo wa magurudumu una bomba nene, wakaja wakalichomeka chini ya tumbo la ndege, ikaanza kelele hiyo sijapata kuona, mama wa kiti cha mbele akaanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti. Injini ikawaka moja. Moja! Ya pili wakaiwasha tushasukumwa nyuma. Mamangu tangu siku hiyo yuwasema yeye ataenda Makka kwa jahazi.

Sasa naomba kujua, ndege ya kukodi ni mbovu kuliko ya kampuni yenyewe? Ule mtambo ulikuwa wa nini? Na tukichelewa tukakosa ile ya Jeddah namdai nani, aliyeniuzia tiketi ama mwenye ndege? Mama ana sukari, siwezi kumlaza kwenye viti vya eapoti.

mzee_wa_miritini

Wa aleikum salaam mwanangu. Pandeni SGR hadi Syokimau siku ya kabla, mlale Nairobi, asubuhi mwenda zenu eapoti mmetulia. Treni haiwashwi kwa bomba.

fundi_hanga

Mie ni fundi wa ndege, wapi sisemi. Nianze na ule mtambo dada maana ndo uliowatisha. Huko mkiani kuna injini ndogo inaitwa APU, hairushi ndege, kazi yake ni kutoa umeme na hewa ndege ikiwa chini, na hiyo hewa ndo inoendesha AC na ndo inozungusha injini kubwa mpaka ziwake. APU ikifa ndege bado yaweza kuruhusiwa kuruka, kuna kitabu kinaitwa MEL kimepitishwa na mamlaka, kinasema kitu gani kikiharibika mwaweza kuruka nacho, kwa siku ngapi na kwa masharti gani. Basi hewa yaletwa kutoka nje, ndo ule mtambo, injini moja yawashwa pale pale mlipoegesha, mtambo waondolewa, mwasukumwa, ya pili yawashwa kwa hewa ya mwenzake. Ni utaratibu wa kawaida, marubani wafundishwa. Kilichowapata ni jasho. Lakini kampuni inoleta Mombasa ndege haina APU, saa nane mchana, na isiite ile gari ya hewa baridi iipoze ndege kabla abiria hawajapanda, hiyo mie naiita kukosa haya, gari ni gharama ndo maana hawaiiti.

Kuhusu kukodi. Ndege za abiria duniani karibu nusu ni za kukodi. Mwenye mali aweza kuwa yuko Dublin, AerCap ndo kampuni kubwa kuliko zote kwa biashara hiyo na makao yao ni huko. KQ (Kenya Airways) yenyewe ilipobanwa iliwahi kuzikodisha zile Boeing 777-300ER zake kwa Turkish na Dreamliner mbili kwa Oman Air. Hata Air Tanzania na ule twiga wake mkiani, ndege zilinunuliwa na serikali, shirika likazikodi toka kwa wakala wa ndege za serikali. Kwa hivyo "ya kukodi" peke yake haikwambii kitu.

Ila kukodi kuko kwa aina mbili. Kuna kukodi ndege tupu, unaweka marubani wako, mafundi wako, cheti chako cha kuendesha safari za ndege, na ndege waipaka rangi yako, abiria hajui kabisa. Na kuna kukodi ndege na watu wake, marubani wao, wahudumu wao, matengenezo yao, bima yao, wewe waleta abiria na mafuta. Ni kama gari la harusi kulikodi na dereva wake. Yenu ni hiyo ya pili, na ndo maana ni nyeupe, leo iko Mombasa mwezi ujao iko kwengine, nani atapoteza rangi. Msimu wa hija ndege kama hizi ndo zatafutwa kama maji.

Ukitaka kujua ya wapi tazama herufi karibu na mkia. 5Y ni Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda, ET Ethiopia, ZS Afrika Kusini, LY Lithuania, 9H Malta. Usizichukulie kama hukumu lakini, ndege tupu yaweza kuwa na herufi za nchi moja na ikaendeshwa na kampuni ya nchi nyengine. Kwa hizi za kukodi na watu wake, cheti kinachotumika ni cha yule mwenye ndege, na anoisimamia kila siku ni mamlaka ya nchi yake, KCAA, mamlaka ya anga ya Kenya, yaidhinisha ule mkataba. Kwa hivyo swali lako kwa ejenti ni moja, anorusha ana cheti cha nchi gani. Ukishajua tazama ile orodha ya Ulaya ya kampuni zilizopigwa marufuku, iko wazi kwa mtu yeyote. Juni 2025 waliziingiza humo kampuni zote zenye cheti cha Tanzania, na lawama waliielekeza kwa usimamizi wa mamlaka, sio ati ndege ni za kukodi.

changamwe_original

Fundi unatetea wenzako wacha nikwambie. Kama kukodi si shida mbona zao ziko gereji kila siku? Mimi kila nikisafiri kikazi ni meseji usiku, mpendwa abiria kwa sababu za kiufundi safari yako imesogezwa. Sababu zipi hawasemi. Unafika kaunta msichana wa watu anakutazama tu na yeye hajui, wakubwa wake wamezima simu. Tiketi wameuza wakijua ndege hawana, hiyo ndio shida.

fundi_hanga

Simtetei mtu ndugu yangu, na hilo la mwisho umesema kweli kabisa. Lakini kwanini hawana ndege, ndo hapo. Siku hizi tatizo ni injini. 2023 Pratt & Whitney, watengenezaji wa injini, walitangaza kwamba unga wa chuma uliotengenezewa diski za injini za Airbus A320neo ulikuwa na uchafu, injini kwa mamia zikabidi zishushwe zikaguliwe mapema kabla ya wakati wake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2022, Air Tanzania zile Airbus A220 zililazwa chini kwa injini za Pratt hao hao, aina nyengine. Alafu KQ, 2024 walipata faida ya shilingi bilioni 5.4, watu wakashangilia, 2025 Dreamliner tatu kati ya tisa zikakaa chini kungoja injini na spea, nusu ya kwanza ya mwaka ikaisha kwa hasara ya kama bilioni 12. Injini haipatikani dukani. Karakana zinofanya kazi hiyo ni chache, zina foleni ya dunia nzima, na mkubwa ana ndege mia nne hushughulikiwa kabla yako wewe wa ndege tisa.

Na ndege ikikaa chini kodi yake yaendelea kulipwa, mwenye mali wa Dublin hajali kama injini iko mezani. Hilo abiria hawalioni. Kampuni yalipa kodi ya ile iliyolala, na yalipa tena kodi ya ile nyeupe ya kuziba pengo.

Sasa mie nikikata tiketi yangu, ya kukodi si ya kukodi siulizi. Natazama kampuni ina ndege ngapi za akiba. Kampuni ndogo ndege ile ile asubuhi iko Kisumu, mchana Mombasa, jioni Zanzibar, ikichelewa kidogo asubuhi kwa sababu ya tairi basi abiria wa jioni walala. Kwa hivyo nakata ile ya kwanza kabisa ya alfajiri, iliyolala hapa hapa Moi, mafundi wamekuwa nayo usiku kucha. Ya jioni kwa kampuni ya namna hiyo sikati hata ya bure.

changamwe_original

Hiyo ya alfajiri nayo bei yake uiangalie.

hoteli_bamburi

Naongezea upande wa madai maana mambo haya ya wageni wetu tunayo kila msimu. Dada, safari yako ni ya kimataifa, Kenya na Saudia zote zimo kwenye Mkataba wa Montreal wa 1999. Kule ndani imeandikwa aliyekuuzia safari na aliyeirusha wote wawili unaweza kuwadai, uchague mmoja au uwashike wote, kwa hivyo wasikutume huku na huku ati "nenda kwa wenye ndege". Hasara ya kucheleweshwa inalipwa mpaka SDR 6,303 kwa kila abiria, kipimo hicho ni cha Shirika la Fedha Duniani, IMF, kwa pesa za kawaida ni zaidi ya dola elfu nane. Lakini msikie vizuri, hiyo sio zawadi! Ni kikomo. Unalipwa ile hasara unayoweza kuionyesha, hoteli, chakula, tiketi mpya, na kampuni ikithibitisha ilifanya kila linalowezekana inachomoka. Weka risiti zote hata ya teksi. Begi likichelewa andika malalamiko kabla ya siku 21 kuisha toka ulipolipata, likiharibika siku 7. Kesi ni ndani ya miaka 2.

Zile Euro 600 mnazosikia watu wakisema ni sheria ya Ulaya, haikuhusu. Hiyo ni kwa safari inayotoka Ulaya, au inayokwenda Ulaya kwa kampuni ya Ulaya. Mgeni wangu Mjerumani akitoka hapa Moi kurudi kwao na kampuni ya kwao anayo haki hiyo, mimi nikienda Jeddah sina. Na kwa habari ya ndege za kukodi na watu wake, mahakama yao ya Ulaya iliamua 2018 kwamba anayelipa ni kampuni ya ndege iliyoipanga safari, hata kama ndege na wahudumu ni wa mtu mwingine. Sisi huku hatujafika huko.

Kitu kikubwa zaidi ya vyote: tazama kama Mombasa–Nairobi na Nairobi–Jeddah ziko kwenye tiketi moja. Ikiwa moja, ile ya ndani inahesabiwa kuwa sehemu ya safari ya kimataifa na mkikosa ya Jeddah ni jukumu lao kuwatafutia nyingine. Ikiwa ni mbili kila moja na namba yake, mkikosa ya Jeddah mmekosa, wale wa Jeddah watasema hamkutokea.

binti_kibokoni

Shukran sana nyote, Mungu awalipe. Nimetazama sasa hivi, wallahi ni namba mbili tofauti!! Na kati ya kushuka Nairobi na kupanda ya Jeddah amenipa masaa mawili tu, na mama atembea pole pole. Nilimlipa mkononi dukani kwake akaniandikia risiti ya mkono. Kesho naenda kukaa mpaka aninyooshee. Fundi lile la cheti ntamuuliza pia japo najua atanitolea macho.

mzee_wa_miritini

Sasa mwaona. Treni.

hoteli_bamburi

Mzee treni ni sawa kama ejenti akikataa kuziunganisha, siku ya kabla, sio siku hiyo hiyo. Lakini dada usiiache tu ile ya ndani bila kuwaambia. Kama akifanikiwa kuziweka kwenye tiketi moja halafu nyinyi mkapanda treni, mkikosa kutokea Mombasa mfumo unafuta zote zilizobaki mpaka ile ya kurudi, nimeona watu wakilia kaunta kwa jambo hilo. Amua moja kwanza.

fundi_hanga

Na akisema kuziunganisha kuna pesa mwambie akuonyeshe masharti ya tiketi kwanza, sio ya mdomo. Omba kiti cha magurudumu cha mama sasa hivi kupitia yeye, ukingoja siku yenyewe Nairobi utakikosa. Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi na barua ya daktari, chini kwa mabegi usiweke, kule baridi yaweza kuigandisha ikawa haifai tena. Ukishapata jina la hao wenye ndege liandike hapa tulitazame.

binti_kibokoni

Hapa hadharani sitaliandika, ntakutumia inbox ami.